Siku Kumi na Moja Bila Mlango

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, vyumba viwili na jiko la nje, ndani ya boma la mwenye nyumba, mwendo mfupi kutoka mji wa Sotik. Tuliichukua kwa sababu ya vitu vilivyokuwa ndani yake. Tulikuwa na mtoto wa miezi sita, godoro, sufuria tatu na redio ya mume wangu, basi. Mwenye nyumba alikuwa ameacha humo kitanda, meza, viti viwili na kabati la mbao nzito lililokaribia kugusa dari. Kabla ya kustaafu alikuwa askari wa msitu upande wa Londiani, na vyombo hivyo alitengenezewa huko na fundi mmoja aliyemsifu kuliko alivyowasifu watoto wake mwenyewe.

Siku ya kuingia alituzungusha chumba hadi chumba kama mwalimu anayeita majina.

"Hiki ni kitanda. Hakina kasoro. Hii ni meza. Haina kasoro. Hili ni kabati. Mkitoka nitavikuta hivi hivi."

Tulipobaki peke yetu mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Yule mzee alikuwa mrefu, mkimya, na kila siku alivaa koti la kijani la kazi yake ya zamani na gambuti. Alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni kabla ya kupiga hodi. Unafua, unamwosha mtoto, unainua macho, yupo. Hujui amesimama hapo tangu lini.

Mimi ni wa upande wa ziwa. Kwetu ni tambarare, mgeni unamwona angali mbali, unapata muda wa kufagia na kuweka chai. Pale Sotik majani chai yalifika mpaka chini ya dirisha letu, na alasiri ukungu ulishuka ukafunika kila kitu. Mtu alitokea ghafla, hatua tatu kutoka kwako, akiwa amelowa. Mume wangu alikuwa makanika katika kiwanda cha chai, siku nyingine shifti ya asubuhi, siku nyingine ya mchana. Kwa hiyo niliogopa mapema, kabla hata ya kuwa na sababu.

Kila Jumamosi mzee alikuja kukagua vyombo vyake. Alipitisha kidole juu ya meza, akakitazama. Alifungua kabati, akanusa ndani.

"Mama mtoto, kuna unyevu. Fungua dirisha."

"Sawa, Mzee."

Nilisimama na mtoto kiunoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilipojaribu kueleza shida zetu, na zilikuwa nyingi, nilijikuta nikisema tena sawa, Mzee. Shida kubwa ilikuwa mlango. Mbao za chini zilikuwa zimeoza kwa mvua, bawaba ya juu ilishikwa na skurubu moja, na komeo lilichomoka ukisukuma kwa bega. Nilimwambia mara ya kwanza kwa heshima. Mara ya pili nikamwambia mbele ya mkewe, nikidhani ataona haya. Mara ya tatu mume wangu aliandika orodha kwenye karatasi ya daftari: mlango, bati linalovuja, kioo cha dirisha. Mzee aliisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mlango haukuwa hivi. Mnaugonga."

"Hatuugongi, Mzee," mume wangu akasema.

"Mlango haujigongi."

Yakaishia hapo. Halafu nikafanya kosa langu. Asubuhi moja mtoto alikuwa akilia kwa njaa, nikaepua uji motoni na kuiweka sufuria moja kwa moja juu ya meza. Nilipoinyanyua nikaona duara jeusi, zuri kama limepimwa kwa bikari. Nilisugua kwa majivu. Nilisugua kwa msasa alioleta mume wangu kutoka kazini. Duara lilizidi kung'aa. Jumamosi mzee alikuja, akaliona, akaligusa kwa vidole viwili, akalizunguka kama anayetafuta mwanzo wake. Akatoka. Heri angefoka. Ule ukimya wake nilikaa nao mpaka Jumatatu.

Nieleze wiki zile zilikuwaje. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mpakani, kati ya watu wa kwetu na wenyeji wa Sotik, kulikuwa kumeanza kuchafuka. Redio ilisema machache, soko lilisema mengi. Tulisikia nyumba zimechomwa vilima vya ng'ambo, tukasikia tena zimechomwa za upande huu. Kwenye mfereji wanawake niliozoea kuchota nao maji walianza kunyamaza nilipofika. Nikiwasalimu kwa Kikipsigis, lugha yao, "Chamgei," waliitikia, maana si watu wabaya, lakini ile hadithi inayofuata salamu haikuja tena. Familia mbili za kwetu zilizopanga karibu na barabara zilikuwa zimeondoka na magodoro kichwani. Mume wangu alisema yatapita, kiwanda hakiwezi kukosa watu. Aliyasema hayo akifunga kamba za viatu, na kamba zilikuwa zimeshafungwa.

Jumatatu hiyo, baada ya mume wangu kwenda kazini, mzee alifika na bisibisi. Hakupiga hodi. Alianza na bawaba ya chini.

"Mzee, unafanya nini?"

"Natoa mlango."

"Kwa nini?"

"Si mlisema ni mbovu? Naenda kuutengeneza."

"Utaurudisha lini?"

"Ukiwa tayari."

Ile skurubu ya juu aliing'oa kwa mkono. Akajitwika mlango mgongoni, akaingia nao katika ukungu. Nilibaki nimekaa kitandani na mtoto, nikitazama mahali ulipokuwa. Nilikuwa sijawahi kujua kuwa tundu la mlango ni kubwa kiasi hicho.

Jioni mume wangu alipanda kwa mzee kuuliza. Alirudi amekunja uso.

"Anasema fundi yuko Bomet."

"Na mlango?"

"Uko kwake, verandani. Ameusimamisha ukutani, unatazama barabara. Hata hajaugusa."

"Anatufukuza," nikasema.

Kila mpangaji anajua njia hiyo. Mwenye nyumba hakuandikii barua. Anakuondolea mlango, ukivumilia anakuondolea mabati, mpaka unafungasha mwenyewe, na yeye anasema hakumfukuza mtu. Kodi tulikuwa tumelipa. Kwa hiyo niliona ni ile meza. Nililia kwa sababu ya meza, nikamwambia mume wangu ni mimi nimetuletea haya, wakati kama huu, watu wanalala macho wazi.

Tulilisukuma kabati mpaka mlangoni. Lilikuwa zito hata likakwaruza sakafu. Likaacha upenyo wa mtu mmoja kupita kwa ubavu, nikautundikia leso. Usiku tulilala zamu. Mchana, mume wangu akiwa kiwandani, nilikuwa peke yangu nyuma ya kabati, nikisikiliza. Unajua jinsi majani chai yanavyosugua nguo ya mtu anayepita? Sauti hiyo nilikuwa naisikia hata hakuna mtu.

Jumatano mzee akaja. Nilikuwa nikimpikia mtoto kwenye jiko la makaa, nililoliingiza ndani kwa sababu niliogopa kutoka.

"Kabati si mlango," akasema akiwa nje.

"Mzee, tufanye nini? Tuna mtoto."

"Rudisha kabati mahali pake."

Hakungoja. Alilisukuma mwenyewe, kwa bega, akihema, mpaka likarudi ukutani. Akaivuta leso yangu ikatoka na misumari yake, akanikabidhi mkononi.

"Na hii nguo usiweke hapa. Na huu moshi. Unaharibu mabati yangu. Usiwashe moto mchana."

"Mtoto atakula nini?"

Alimtazama mtoto kwa muda, kama vile ni chombo ambacho hakuwa amekiandika kwenye hesabu yake. Kisha akaondoka. Haikupita saa moja, mkewe akaja. Watu wote walimwita Kogo, yaani nyanya, na mimi pia. Alikuwa mama mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alikuwa ameficha chupa ya chai ndani ya sweta.

"Mtoto akunywe," akasema. "Wewe pia."

Nilimshukuru. Alipotoweka nikaimwaga yote nyuma ya nyumba. Chai ya maziwa, ya moto, na sisi tulikuwa na njaa. Niliogopa iliyomo. Nimeandika sentensi hiyo kwa aibu, lakini ndivyo hofu ilivyokuwa imenifanya.

Kogo alikuja kila siku baada ya hapo, na kila siku nilimwaga. Siku ya nne mtoto aliisikia ile harufu akalia akinyoosha mikono, nikashindwa. Nilinywa kwanza mimi, nikangoja, nikijisikiliza tumbo. Kisha nikampa.

Hivyo ndivyo nilivyokaa: nyumba wazi, bila pazia, bila moshi mchana. Nguo za mtoto nilianika chumba cha pili kwa sababu mzee alikuja kuzianua kambani, akisema kamba ile ni ya mkewe. Kila alichokataza nilikiongeza kwenye orodha ya ukatili wake. Mume wangu alitaka kwenda kumshtaki kwa chifu. Nilimwomba asiende. Siku hizo hukujua ukiingia ofisi utakuta nani amekaa ndani.

Alhamisi ya wiki ya pili mume wangu alikuwa shifti ya mchana. Ukungu ulishuka mapema, kama saa tisa. Nilikuwa kitandani nikimnyonyesha mtoto niliposikia sauti za wanaume kwenye njia ya kutoka barabarani. Si wawili wala watatu. Walizungumza Kikipsigis, bila haraka, kama watu wanaokwenda kuangalia shamba.

Sikuwa na mlango wa kufunga. Dirisha lilitazama upande walikokuwa wakitokea. Nilifungua kabati, nikaingia na mtoto, nikakaa juu ya blanketi magoti yakiwa kidevuni, nikavuta milango miwili kwa kucha. Haikukutana vizuri. Ulibaki mwanya wa upana wa kidole, na kwa mwanya huo niliona tundu la mlango, jeupe kwa ukungu. Mtoto nilimshindilia titi mdomoni. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, asikohoe.

Kijana mmoja akaingiza kichwa. Nyuma yake kulikuwa na wengine, niliona miguu na fimbo. Aliingia mpaka katikati ya chumba. Maji yalimdondoka kutoka kwenye kofia yakaanguka sakafuni, na niliyasikia yakidondoka, tone moja moja. Akasema maneno niliyoyaelewa, maana kwenye mfereji nilikuwa nimeyasikia mara nyingi: hakuna mtu.

Ndipo nikasikia sauti ya mwenye nyumba. Alikuja akifoka toka mbali, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu aliyedhulumiwa. Akaingia, akawapita, akaipiga meza kofi. Sikujua anasema nini. Nilishika neno moja tu lililofanana na meza, nalo alilirudia, akionyesha lile duara, kisha akaonyesha tundu la mlango, kisha akaonyesha huko juu kwake. Mmoja wao akacheka. Mwingine akaja akaligusa duara kwa ncha ya fimbo. Mzee aliendelea kulalamika hata wakachoka, kama watu wanavyochoka na mzee anayelalamika, wakatoka mmoja mmoja.

Yeye alibaki nyuma. Alisimama akilipa kabati mgongo, akitazama nje. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anauambia ukungu:

"Kaa hapo."

Akaondoka.

Nilikaa. Miguu ilikufa ganzi, mtoto akalala. Sikujua kama nimeokolewa au nimewekwa akiba. Mlango wa kabati ulipofunguliwa nilifumba macho, nikamkumbatia mtoto. Alikuwa Kogo. Alimpokea mtoto kwanza, kisha akanipa mkono nitoke.

"Wamekwenda," akasema. "Wamekwenda kabisa."

Tuliketi sakafuni, mbali na dirisha, akanieleza. Watu wale walikuwa wamefika kwa mzee siku moja kabla hajachukua mlango. Walimwambia awatoe wapangaji wake au watakuja kuwatoa wenyewe.

"Akasema nitawatoa. Akatoa mlango. Akaweka pale barabara, kila mtu apite aone. Nyumba haina mlango, hakuna mtu. Sasa wewe unaweka kabati, unaweka nguo, unawasha moshi." Akatikisa kichwa. "Mzee anakasirika sana."

"Mbona hakutuambia, Kogo?"

"Akisema, mnatoka mbio na godoro. Wale wa barabara walitoka hivyo. Walipigwa kwa daraja." Akamfunika mtoto vizuri. "Na bwana yako anaongea na kila mtu huko kazini. Mzee anatafuta gari kwanza."

Nilimtazama. Nilikuwa na swali ambalo najua halikufaa wakati ule, lakini ndilo lililotoka.

"Na meza? Ile hasira ya meza ilikuwa ya uongo?"

"Hapana," akasema Kogo. "Meza amekasirika kweli."

Mume wangu aliporudi nilimwambia kila kitu kwa kunong'ona. Alikaa kwenye kiti akashika kichwa. Alikuwa amemtukana yule mzee kiwandani kwa siku kumi na moja, mbele ya watu, kwamba ametufukuza.

Ijumaa, kulipoanza kupambazuka, lori la kubeba maziwa lilisimama nyuma ya boma, mahali ambapo halikuwa na desturi ya kusimama. Mzee alikuwa amezungumza na dereva. Tulichukua mtoto, nguo na redio. Godoro alikataa, alisema godoro linaonekana. Kisha, na mpaka leo sijui nicheke au nilie, aliingia ndani kukagua vyombo vyake. Kitanda. Viti. Alifungua kabati, akanusa. Alifika kwenye meza akapitisha kidole.

"Hii haitoki," akasema.

"Pole, Mzee," nikasema. "Pole sana."

"Haya. Pandeni."

Tulilala kati ya mikebe ya maziwa na mzee akatufunika turubai mwenyewe. Nilimwona kwa chini alipokuwa akifunga kamba pembeni mwa uso wangu. Kila mara aligeuka kutazama barabara, kamba ikamshinda mara tatu, dereva akaja akaifunga. Miezi yote ile nilikuwa nimemwogopa mtu huyo, na haikuwa imenijia hata mara moja kwamba yeye naye ana anachokiogopa. Gari likaondoka kabla hatujaagana. Darajani lilipunguza mwendo, tukasikia dereva akisalimiana na watu, wakicheka kitu. Mume wangu aliniziba mdomo kwa kiganja ingawa sikuwa nimesema lolote. Kisha likaongeza mwendo. Kericho tulishuka tukiwa tunanuka maziwa, tukapanda basi la kwenda ziwani.

Mume wangu alipata kazi katika gereji mjini Kisumu, tukapanga chumba kwa mama mmoja mchangamfu. Wiki ya kwanza alikuja kubadilisha kitasa, hisani tupu, hata hatukuwa tumemwomba. Alipochomoa bisibisi kwenye mkoba nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Alidhani nina wazimu. Nilimweleza nusu, naye kuanzia siku hiyo akawa akija kwangu anaanza kuita jina la mtoto toka kwenye ngazi.

Miaka kadhaa ilipita, mambo yakatulia, nikaenda Kericho kufuatilia karatasi za kazi za mume wangu. Sokoni nilimwona mama mfupi mwenye kitambaa cheupe akichagua viazi. Nilimtambua kwa namna alivyokuwa akikagua kila kimoja na kukirudisha, kama mumewe na vyombo vyake. Tulikumbatiana katikati ya watu, akanishika uso kwa mikono yenye udongo.

Nilimuuliza habari za mzee. Alikuwa hai, miguu ilimsumbua. Nilimuuliza habari za nyumba.

"Nyumba haiko," akasema.

Mtu fulani alikuwa ameona lori. Hawakujua lilibeba nini, lakini walijua lilisimama pabaya. Siku tatu baada ya sisi kuondoka wale vijana walirudi, mchana, hawakujificha. Waliezua mabati, wakatoa vyombo nje, wakavichoma. Kitanda, viti, kabati, meza. Mzee aliletewa kiti chake mwenyewe akaambiwa akae atazame. Akakaa. Hakupeleka neno kwa mtu yeyote, kwa sababu hao waliochoma alikuwa amewajua toka wakiwa wachanga, na wazazi wao alikuwa akiabudu nao kanisa moja.

Nilishika kikapu chake kama kwamba kingenisaidia.

"Alijuta, Kogo?"

Alifikiri. Hakunijibu haraka ili anifurahishe, na kwa hilo namheshimu.

"Siku zingine," akasema. "Siku zingine alijuta. Anakaa huko nje anasema, vitu vyangu. Siku zingine ananiuliza kama yule mtoto ametembea."

Nikamwambia anatembea, anasoma darasa la kwanza, anasumbua. Akataka kujua kama anafanana na baba yake. Tukaendelea hivyo, tukisimama kando ya magunia ya viazi, mpaka gari lake la Sotik lilipojaa na utingo akaanza kumwita.